Uzi: Kwa nini jeni za katikati ya kromosomu za mimea mingi hazitengani, na kwa nini kuongeza mibadilishano hakutoshi

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, kila mjadala wa uboreshaji wa mbegu unapofika mahali ambapo sifa nzuri imegoma kuachana na sifa mbaya iliyo jirani yake kwenye kromosomu, hatokosi mtu wa kusema kwamba dawa ni kuotesha mimea mingi zaidi na kuvuta subira. Ushauri huo unafaa iwapo jeni hizo ziko karibu na ncha ya kromosomu. Zikiwa katikati ya kromosomu ya ngano, shayiri au mahindi, mtu anaweza kumaliza misimu kadhaa bila kupata hata mmea mmoja anaoutafuta, na sababu yake si bahati mbaya. Nimefungua uzi huu tuijadili sababu hiyo.

Tuanze na tukio lenyewe. Mmea unapotengeneza chavua au yai, seli husika hupitia meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu. Kromosomu iliyotoka kwa mzazi mmoja hujipanga sambamba na mwenzake iliyotoka kwa mzazi wa pili, na kabla hazijaachana hukatika na kuungwa upya kwa kubadilishana vipande. Tukio hilo moja la kubadilishana nitaliita mbadilishano, na mahali ambapo kromosomu mbili huonekana kwa hadubini zikiwa bado zimeshikana kwa sababu yake huitwa kiasma.

Kwamba vipande hivyo hubadilishana kweli, na si hesabu za kwenye karatasi tu, kulithibitishwa kwa mahindi. Mwaka 1931 Harriet Creighton na Barbara McClintock, wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walitumia kromosomu ya 9 iliyokuwa na nundu katika ncha moja na, upande wa pili, kipande kilichohamia hapo kutoka kromosomu ya 8. Alama zote mbili zilionekana kwa hadubini. Kati yake kulikuwa na jeni ya rangi ya punje na jeni nyingine inayoamua aina ya wanga. Punje zilizochanganya upya rangi na wanga zilipooteshwa, kromosomu zake zilikutwa zimechanganya upya alama hizo pia, nundu ikiwa imeachana na kile kipande cha kromosomu ya 8. Sidhani kama kuna jaribio la mimea lililojibu swali kubwa kwa vifaa vichache kuliko hilo.

Jambo la kwanza ambalo wengi hulipuuza ni kwamba mibadilishano ni michache mno. Kila jozi ya kromosomu huhitaji walau mbadilishano mmoja ili ziachane vizuri, na kwa kawaida hupata kati ya mmoja na mitatu, iwe kromosomu ni ndefu au fupi. Katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumika sana katika maabara, DNA hukatwa mahali kati ya 150 na 250 hivi katika meiosisi moja, lakini jozi zote tano za kromosomu huambulia mibadilishano kama 10 tu. Katika mahindi mikato hukaribia 500 ilhali mibadilishano ni kama 20. Mikato mingine yote hurekebishwa bila kubadilishana vipande virefu.

Sasa linganisheni ukubwa. Jenomu nzima ya Arabidopsis, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi (herufi za DNA) zipatazo milioni 135. Kromosomu moja tu ya ngano, ile ya 3B ambayo mfuatano wake ulichapishwa mwaka 2014, ina takriban milioni 774, yaani zaidi ya mara tano ya jenomu nzima ya Arabidopsis, na bado mgawo wake wa mibadilishano ni uleule wa michache. Kibaya zaidi, mgawo huo hautawanywi sawasawa. Takriban asilimia 80 ya mibadilishano ya 3B huangukia kwenye ncha mbili ambazo zikijumlishwa hazifiki robo ya urefu wa kromosomu. Shayiri iko vivyo hivyo, na katika jamii hii ya nafaka hadi asilimia 30 ya jeni zinakadiriwa kukaa katika eneo la kati ambalo ni nadra sana kubadilishana chochote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Jeni mbili zimeachana kwa besi milioni 10. Zikiwa kwenye ncha ambapo kila besi milioni 1 ina sentimorgani 1 (kipimo ambapo 1 ni sawa na jeni kutenganishwa katika gameti 1 kati ya 100, gameti zikiwa chavua au mayai), umbali wake wa kijenetiki ni sentimorgani 10, kwa hiyo gameti 10 katika kila 100 zitakuwa zimezitenganisha. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kupata walau moja, gameti 29 zinakutosha. Hamishia jeni hizohizo katikati ya kromosomu, ambapo kila besi milioni 1 ina sentimorgani 0.01. Umbali wa kijenetiki umekuwa sentimorgani 0.1, na kwa uhakika uleule utahitaji gameti zinazokaribia 3,000. Urefu wa DNA kati ya jeni hizo haujabadilika hata kidogo.

Swali langu kwenu ni hili: ni nini kinachoipeleka mibadilishano kwenye ncha?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, asante kwa uzi wenye nyama. Nilivyofundishwa ni kwamba sentromia ndiyo yenye kosa. Kwa kuwa sentromia ndiyo mahali nyuzi za mgawanyiko zinaposhika kromosomu, mbadilishano ukitokea hapo au jirani sana unaweza kuvuruga utenganaji, na kwa hiyo seli huuzuia. Katikati ya kromosomu kuna sentromia, katikati hakuna mibadilishano. Je, maelezo hayo hayatoshi?

Mleta mada

Ndugu yangu, yanatosha kwa sentromia yenyewe na viunga vyake vya karibu. Ndani ya sentromia mibadilishano huzimwa karibu kabisa katika kila mmea uliochunguzwa vizuri. Lakini eneo lililokufa katika kromosomu ya shayiri au ngano ni mamia ya mamilioni ya besi, na sentromia ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Kuilaumu sentromia kwa eneo lote hilo naona ni kumbebesha mtuhumiwa mmoja makosa ya wengi.

Kuna ushahidi wa aina mbili unaonifanya nisikubali. Wa kwanza unatoka kwa Rhynchospora breviuscula, mmea wa jamii ya ndago ambao hauna sentromia moja. Vipande vyake vya sentromia vimesambaa urefu wote wa kila kromosomu, na jeni zake pia zimetawanyika bila eneo kubwa la kati lililofungamana. Kama sentromia ndiyo ingekuwa mpangaji mkuu, tungetarajia mibadilishano ya mmea huu isambae sawasawa, au isitokee kabisa. Watafiti walisoma DNA ya punje moja moja za chavua na kuchapisha matokeo mwaka 2024: mibadilishano bado ilirundikana kuelekea kwenye ncha. Vipande vya sentromia viliizuia pale vilipokaa tu, kwa kipimo kidogo, wala havikuamua sura ya jumla. Kilicholingana na sura hiyo ni mahali ambapo kromosomu huanza kuungana, nako ni kwenye telomia, yaani ncha za kromosomu.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye vitunguu. Kitunguu cha kawaida, Allium cepa, kina viasma vilivyotawanyika kwenye mikono ya kromosomu, yaani sehemu zilizo pande mbili za sentromia. Ndugu yake wa karibu, Allium fistulosum, anayeliwa majani, ana viasma vilivyojikusanya kando kando ya sentromia. Jenasi ni moja, na kromosomu zao ni kubwa na zinafanana sana kwa umbo, ila mpangilio umegeuka kinyume. Sheria isemayo kwamba sentromia hufukuza mibadilishano ya eneo zima la kati haiwezi kusimama mbele ya mmea huo.

Ninachokiona kuwa na nguvu zaidi katika nafaka zenye jenomu kubwa ni wakati. Katika shayiri, maeneo ya karibu na telomia hunakili DNA yake mapema, na hapo ndipo mikato ya kwanza hutokea na kromosomu huanza kushonana. Eneo la kati huchelewa. Linapofikiwa, mgawo mdogo wa mibadilishano umeshachukuliwa na ncha, na mbadilishano ukishatokea mahali hupunguza uwezekano wa mwingine kutokea jirani yake. Hali hiyo ya kuzuiana ilianza kuonekana kwa nzi wa matunda tangu miaka ya 1910, na katika mimea huhusu aina kuu ya mibadilishano, ambayo katika Arabidopsis ni takriban asilimia 85 ya yote.

Namna kuzuiana huko kunavyofanya kazi ilipata maelezo mazuri mwaka 2021 kupitia protini iitwayo HEI10. Mwanzoni protini hiyo huwa vidoa vingi vidogo katika urefu wa kromosomu zilizoshonana. Baadaye vidoa vikubwa hunyonya vidogo, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyoungana, mpaka vinabaki vichache, vikubwa, vilivyoachana mbali. Hapo ndipo mibadilishano hutokea. Kidoa kilichotangulia kuwa kikubwa kina faida ambayo jirani yake hawezi kuifidia, ndiyo maana mahali palipoanza mapema hushinda.

Mchangiaji wa pili

Mtoa mada, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naona umeiruka kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga) haraka mno. Wakati hueleza sura ya kromosomu nzima, lakini ukikaribia zaidi na kutazama besi elfu chache, wakati hausemi chochote. Kwa kipimo hicho, mibadilishano ya mimea hupenda mianzo na miisho ya jeni, mahali ambapo nyukleosomu (DNA iliyozungushiwa protini za histoni) ni chache na DNA iko wazi, palipo na alama ya kikemikali ya H3K4me3 na histoni ya H2A.Z. Binadamu na panya wana protini ya PRDM9 inayochagua maeneo hayo kwa kusoma mfuatano wa DNA. Mimea haina protini hiyo, kwa hiyo hutegemea zaidi uwazi wenyewe wa kromatini.

Mahindi yana funzo ambalo halijatajwa hapa. Mikato yake haitokei kwenye jeni tu. Mingi hutokea hata ndani ya DNA inayojirudiarudia, ile iliyojaa transposoni (vipande vya DNA vinavyoweza kuhamahama) na kufungwa kwa methili (alama za kikemikali juu ya DNA). Hata hivyo mikato ya huko karibu haizai mibadilishano kabisa, na inayozaa ni ile ya kwenye jeni na jirani zake. Maana yake ni kwamba kizuizi cha katikati hakiko kwenye mkato peke yake. Kuna kizuizi cha pili, kwenye uamuzi wa namna ya kuurekebisha mkato huo, na kizuizi hicho ni cha kromatini.

Katika Arabidopsis hilo limejaribiwa moja kwa moja. Mimea iliyoondolewa H3K9me2, alama ya kromatini iliyofungwa, pamoja na methili zisizo za aina ya CG (zilizo nje ya herufi C na G zinazofuatana) iliongeza mibadilishano katika maeneo yanayozunguka sentromia. Iliyopunguziwa methili za CG ilileta matokeo mengine: sehemu kubwa ya ongezeko ilikwenda kwenye mikono ambayo tayari ilikuwa hai. Kwa hiyo si kila kufuli likivunjwa hufungua mlango uleule.

Mleta mada

Hoja yako naipokea yote, hasa ya mahindi. Tena inaongeza uzito kwenye jambo ninalotaka kulifikia, la tofauti kati ya kuongeza mibadilishano na kuihamisha.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi ni wa vitendo. Nimesoma kwamba zipo jeni ambazo kazi yake ni kuzuia mibadilishano, na zikizimwa mibadilishano huongezeka mara nyingi. Kwa nini basi tusizizime kwenye ngano na shayiri, tukamaliza mjadala?

Mleta mada

Zipo kweli. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba Arabidopsis isiyo na FANCM, mojawapo ya jeni hizo, hupata mibadilishano takriban mara tatu ya kawaida. Baadaye zikafuata RECQ4 na FIGL1, na mwaka 2018 mimea chotara ya Arabidopsis iliyokosa zote mbili kwa pamoja ilifikia ongezeko la takriban mara 7.8. Mwaka huohuo kuzimwa kwa RECQ4 katika mpunga, njegere na nyanya kuliongeza mibadilishano karibu mara tatu. Kuipa Arabidopsis nakala za ziada za HEI10 nako huongeza, karibu maradufu. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mimea hiyo huweza kuzaa vizuri pamoja na mibadilishano yote hiyo, jambo linaloonyesha kwamba uchache wa kawaida hautokani na uwezo mdogo wa seli.

Tatizo liko kwenye ramani ya ongezeko hilo. Ukiweka mibadilishano mipya juu ya kromosomu, utaikuta imekwenda kulekule ilikokuwa imejaa tangu awali, kwenye mikono na hasa kuelekea kwenye ncha, huku maeneo ya sentromia yakibaki kimya. Hata mara nane ya kitu kinachokaribia sifuri bado inakaribia sifuri. Kwa mtu ambaye jeni zake ziko kwenye ncha, teknolojia hii ni neema. Kwa yule ambaye jeni zake ziko katikati ya kromosomu ya shayiri, ataongeza misukosuko kwenye maeneo yaliyokwisha kupangika vizuri bila kugusa tatizo lake.

Njia zinazoihamisha ni chache na kila moja ina kasoro. Ya kromatini imeelezwa hapo juu, nayo ina hatari ya kuamsha transposoni zilizokuwa zimelala. Joto ni nyingine: shayiri ikikuzwa kwenye joto la juu kuliko kawaida wakati wa meiosisi, baadhi ya viasma husogea kutoka kwenye ncha kuelekea ndani, lakini joto likizidi kidogo chavua huharibika.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, niongeze kitu ambacho sijaona kikitajwa. Wakati mwingine eneo halibadilishani kwa sababu kromosomu mbili hazifanani, na wala si kwa sababu liko katikati. Nyanya zina mfano maarufu wa Tm-2, jeni ya kromosomu ya 9 inayokinga dhidi ya virusi vya mozeiki ya tumbaku, iliyoletwa kutoka kwa nyanya pori. Young na Tanksley walipopima aina za nyanya zenye jeni hiyo mwaka 1989, walikuta vipande vya kigeni vya urefu tofauti sana, kuanzia sentimorgani 4 hadi zaidi ya 51. Aina mojawapo ilikuwa imerudishwa kwa mzazi wa nyanya ya kawaida, yaani kuchavushwa naye tena, mara 11, na bado ilibeba mkono mfupi wote wa kromosomu ya nyanya pori.

Chanzo kingine ni kipande kilichogeuka kichwa chini. Arabidopsis za aina ya Col na Ler hutofautiana kwa kipande cha kromosomu ya 4 chenye urefu wa besi milioni 1.17 kilichogeuka, na chotara wao hawabadilishani hapo. Mwaka 2020 watafiti walikigeuza upya kwa CRISPR-Cas9, zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, na mibadilishano ikarejea. Mwaka 2022 wakafanya kinyume chake: waligeuza besi milioni 17.1 za kromosomu ya 2, karibu kromosomu nzima, na mibadilishano ya eneo hilo ikazimika karibu yote.

Mleta mada

Mchango huu ni muhimu mno, na ndio unaotoa mpangilio wa kazi kwa ndugu yetu wa vitendo hapo juu. Kabla ya kuotesha mimea 3,000, weka ramani ya sentimorgani kando ya mfuatano wa DNA wa eneo lako na utazame mteremko, yaani kuna sentimorgani ngapi kwa kila besi milioni 1. Ukikuta eneo limelala wakati wazazi wote wawili ni wa spishi ileile na wana mpangilio uleule wa DNA, tatizo ni nafasi na kromatini, na kuongeza idadi ya mimea hakutakusaidia sana. Ukikuta eneo lilikuwa hai kwa wazazi wengine ila limelala kwa chotara wako, tafuta kipande kilichogeuka au DNA ya pori isiyofanana vya kutosha. Tatizo la aina hii ndilo lenye matumaini zaidi, kwa sababu kipande hugeuzwa tena, na wakati mwingine hupatikana mzazi mwingine mwenye mpangilio unaolingana.

Jambo moja la mwisho ambalo halihitaji maabara ni kuchagua upande wa kuchavusha. Katika Arabidopsis ramani ya kijenetiki ya upande wa chavua ina urefu wa sentimorgani 575 hivi, ile ya upande wa yai 332 tu, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye ncha za kromosomu, ambako chavua hubadilishana kwa wingi na mayai kwa uchache. Tofauti hiyo hutoweka mmea ukikosa protini ya ZYP1, ile inayozishona kromosomu pamoja, na papo hapo kuzuiana kwa mibadilishano nako hutoweka. Kwa hiyo kwa jeni za kwenye ncha za kromosomu za Arabidopsis, chotara itumike kama mtoa chavua. Katika mazao mengine upande wenye faida unaweza kuwa tofauti, basi kabla ya kuamua mchavushe chotara pande zote mbili na muhesabu uzao wa kila upande peke yake.